Mwenye Ngao Hageuki

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikate, na jina hilo halikumtoka hata baada ya kustaafu. Aliingia kiwanda cha mikate angali msichana mwenye kiuno cha nyigu, akatoka humo na magoti yanayonung'unika kila akiinuka kitini. Kazi yake ilikuwa tanuri: kuingiza trei, kutoa trei, kuugeuza mkate na kuugonga kitakoni kwa kidole ili asikie kama umeiva. Mkate ulioiva huitika kama ngoma ndogo. Mbichi hunyamaza kama godoro. Tabia hiyo ya kugonga na kusikiliza ilimwingia mpaka kwenye maneno. Ukimletea habari isiyomkaa vizuri atakuambia, "Hilo bado bichi, lirudishe ndani."

Waliomjua kwa mikate hawakujua kwamba mama huyu alikuwa bingwa wa gemu. Si karata wala dama. Gemu za kwenye televisheni, zile za mapanga na majitu.

Ilianza hivi. Mumewe, ambaye watu walimwita Fundi kana kwamba mji mzima haukuwa na fundi mwingine, alikuwa akitengeneza redio na televisheni kwenye kiduka chenye feni moja na nyaya za kutosha kufungia meli. Mteja mmoja akamwachia mashine ya gemu iliyoungua, akahama, asionekane tena. Fundi alimngoja mpaka vumbi likawa blanketi juu ya ile mashine. Ndipo akaifungua, akaiunga, akaja nayo nyumbani chini ya shati kama mtu aliyeiba paka.

"Nini hiyo?" mkewe akauliza. Walikuwa wameoana si zamani, kuta zilikuwa bado zinanuka rangi.

"Mgonjwa wangu. Amepona, lakini hana kwao."

Ndani yake ilikuwamo kaseti moja imekwama, haitoki hata kwa bisibisi. Karatasi yake ilikuwa na picha ya ngome juu ya mlima, na jina limeandikwa kwa herufi za kigeni ambazo hakuna kati yao aliyeweza kuzisoma. Wakaiita Ngome, na Ngome ikabaki.

Ilikuwa gemu ya watu wawili. Mmoja mwekundu, mwenye upanga. Mwingine wa buluu, mwenye ngao kubwa kama mlango. Walianza chini ya mlima wakapanda huku wakipigana na mbwa, popo na watu wa chuma, mpaka langoni juu kabisa. Mama Mikate aliushika upanga siku ya kwanza na hakuuachia tena. "Basi mimi nikinge, wewe ukate," Fundi akasema, na kazi ikawa imegawanywa bila kikao.

Kioo cha televisheni kilikuwa kimoja kwa wote wawili. Ukikimbilia mbele peke yako, ukingo wa kioo ulikuzuia kama ukuta mpaka mwenzako afike. Tena kulikuwa na kitu kidogo ambacho hakikuwa na faida yoyote katika mchezo: mkiacha kubonyeza kwa muda, yule wa buluu aligeuza kichwa akamtazama mwekundu, kama anayeuliza, "Upo?" Kisha akarudi kutazama mbele. Mtu fulani, huko ilikotengenezwa, alikuwa ameamua tu kukiweka.

Kiwanda kilianza kazi alfajiri, kwa hiyo mchana Mama Mikate alikuwa nyumbani. Fundi alifunga duka akaja kula. Sahani zikawekwa mapajani, pedi za kuchezea zikashikwa, chakula kikapoa. Langoni kulikuwa na jitu la tumbo kubwa lililotembea mikono nyuma, likikagua. Mama Mikate alipoliona mara ya kwanza alisema, "Meneja!" na Fundi akacheka mpaka pedi ikamdondoka. Kesho yake, meneja mwenyewe wa kiwanda alipokuja kukagua tanuri, mikono nyuma, tumbo mbele, mama wa watu ilimbidi akajifiche nyuma ya magunia ya unga mpaka kicheko kimwishe.

Nyumba yao iligawana ukuta mmoja na nyumba ya wifi yake, dada mkubwa wa Fundi. Zote mbili aliziacha baba mkwe. Wifi alikuwa karani wa posta, mwanamke aliyenyooka kama rula, asiyeolewa, mwenye maneno machache na yote makali. Naye alikuja kula nyumbani mchana. Vicheko vilipozidi, aligonga ukuta. "Nyie watu wazima!" Na hao watu wazima wakapunguza sauti, wakaendelea kucheka kwa mabega.

Ngome waliimaliza mara moja tu. Mama Mikate alikuwa na mimba iliyotimiza siku zake, na uchungu ulimshika wakiwa langoni, Meneja amebakiza nguvu kidogo.

"Twende hospitali," Fundi akasema, macho yametoka.

"Kinga."

"Mke wangu, unatetemeka!"

"Kinga, nimesema!"

Meneja alipoanguka, lango likafunguka na nyota zikamwagika kioo kizima. Mama Mikate akaweka pedi chini, akasimama ameshika kiuno. "Haya, sasa twende." Binti alizaliwa kabla jua halijatua. Alipokua, kila akichelewa kuamka, baba yake alimtetea kwamba mtoto huyu alizoea kusubiri tangu tumboni.

Miaka ikapita kama inavyopita, bila kuaga. Binti akasoma, akawa nesi, akapangiwa kazi mji mwingine. Fundi akaanza kukohoa, akakohoa msimu mzima akisema ni moshi wa risasi ya kuungia nyaya, na mwisho akalala hospitali asirudi. Baada ya mazishi Mama Mikate aliizungushia ile mashine shati la kazini la marehemu akaipandisha juu ya kabati. Na wifi? Watu husema msiba huunganisha. Wao uliwaacha kila mtu upande wake wa ukuta. Walisalimiana uani kwa adabu, kama watu wanaongoja zamu dirishani, kisha kila mmoja akafunga mlango wake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa binti alipokuja likizo na boksi jipya kwapani.

"Mama, wametoa ya pili."

"Ya pili ya nini?"

"Ya Ngome."

Mama Mikate alikuwa anaanika shuka. Akaliacha likining'inia kona moja. "Wale waliotengeneza bado wapo?"

"Baadhi yao. Na huko mitandaoni watu wanakulana nyama. Wengine wanasema imeifikia ya kwanza, wengine wanasema ni aibu tupu. Nikasema mimi nina hakimu wangu nyumbani."

"Hakimu alishastaafu."

"Kipya kinyemi, Mama."

"Ingawa kidonda. Usiniishie methali katikati."

Lakini alikaa. Na gemu ilipowaka, akasogea mbele kuitazama. Mlima ulikuwa mlima. Nyasi zililala upepo ulipopita. Upanga ulipogonga chuma, ule mlio ulimfika kwenye viwiko. Pedi yenyewe ilikuwa na vitufe vingi kama kifua cha jenerali, na siku ya kwanza kila alipotaka kukata aliruka, alipotaka kuruka aliinama. Lakini kidole ni kidole, kikishajua kazi hakisahau. Likizo ilipokaribia kwisha alikuwa akiwapanga watu wa chuma kama mikate kwenye trei.

Hata hivyo kulikuwa na jambo linalomkereketa. Binti alichukua ngao, akaona sanduku linang'aa bondeni, akalikimbilia. Kioo kikagawanyika sehemu mbili, kila mtu na yake. Mama akabaki mlimani na mbwa wanne.

"Umeenda wapi?"

"Nipo huku, Mama, nachukua silaha."

"Na mimi?"

"Utajitegemea kidogo. Siku hizi inaruhusiwa."

Akajitegemea, akaumwa, akaanguka. Gemu ikamwamsha palepale alipoanguka, bila hata kumwambia pole. Wakapumzika kunywa maji, na hapo Mama Mikate akamkazia macho yule wa buluu, akamngojea. Yule wa buluu alijikuna ndevu. Akapiga miayo. Akajikuna tena.

"Hageuki," Mama Mikate akasema.

"Nani?"

"Basi tu."

Binti alirudi kazini, akamwachia mashine mpya na neno: "Nataka hukumu, Mama, si huruma." Kuanzia hapo ngao ikachezwa na gemu yenyewe. Ilikinga vizuri kupita kiasi. Ilikinga kabla hajahitaji, haikukosea upande, haikuchelewa. Fundi alikuwa akikosea! Alikuwa akikinga kushoto wakati mbwa wanatoka kulia, kisha anasema, "Samahani, mke wangu, nilimwamini yule wa kushoto." Sasa hapakuwa na wa kumgombeza. Mama Mikate akajikuta anaigombeza mashine kwa sauti, peke yake sebuleni, mchana kweupe.

Mlango ukagongwa. Ulikuwa mlango, si ukuta.

"Wifi," wifi yake akasema, amesimama kizingitini na ushungi wa nyumbani, "nimekuja kukutazama. Nimesikia unagombana na mtu."

"Nagombana na hii."

"Nani anashinda?"

"Hakuna."

Wifi akatazama kioo. Hakukaribishwa wala hakufukuzwa, akakaa kwenye ncha ya kochi. Alitazama kwa muda, kisha akauliza yule wa buluu anachezwa na nani. Akaambiwa hachezwi na mtu. "Yaani nafasi iko wazi?" akasema. Mama Mikate akamgeukia kuona kama anatania. Karani wa posta hakuwa na utani usoni. Mama Mikate akampa pedi.

Loo! Maisha yake yote wifi alikuwa amegonga mihuri, na vitufe akavigonga hivyohivyo, kwa kidole kimoja, kwa nguvu za serikali. Mwenye ngao akatembea moja kwa moja mpaka ukingoni mwa mlima, akadumbukia. Akaamshwa. Akadumbukia tena.

"Wifi, hiyo si njia!"

"Sasa wameweka genge la nini kama si njia?"

Mama Mikate alicheka. Kicheko kilimtoka bila kuomba ruhusa, na kikamshangaza mwenyewe.

Kesho yake wifi alikuja tena, na keshokutwa akaja kabla hajaalikwa. Hakuwa mchezaji, lakini aliipenda. Alipenda maua, alipenda kusimama juu ya daraja la kamba kutazama mto. Ndipo ubishi ukaanza.

"Gemu nzuri hii," alisema.

"Haifikii ya kwanza hata kwenye kifundo cha mguu."

"Ya kwanza siijui. Nionyeshe."

Mama Mikate akatazama juu ya kabati.

Mashine iliteremshwa, shati likakunjwa taratibu na kuwekwa kitandani. Kumbe haikukubali kuunganishwa na televisheni mpya. Wakaipeleka kwenye kiduka cha marehemu, ambacho sasa kilikuwa na fundi mwingine, mzee mzima mpole aliyekuwa rafiki wa Fundi. Akawatafutia kifaa kidogo cha kuunganishia, akakifunga, akakataa kusikia habari ya malipo. "Hii ilikuwa ya duka," alisema, "imekuja kutembea tu."

Basi siku hiyo mchana wakakaa, pazia wamelivuta ili mwanga usiwazuie. Mama Mikate alikuwa na moyo unaomdunda kama wa bibi harusi. Akabonyeza.

Mlima ukatokea. Ulikuwa vipande vya mraba, kama miche ya sabuni iliyopangwa na mtu mwenye haraka. Mwekundu alikuwa mdogo kama punje ya haragwe. Muziki ulilia kama mbu kwenye kopo. Mbwa watatu walipotoka pamoja, picha ikatetemeka na kila kitu kikaenda polepole, kama watu wanaotembea kwenye uji. Mama Mikate akabonyeza aruke. Haragwe likafikiri kwanza, ndipo likaruka. Akafa. Akarudishwa chini kabisa ya mlima. Akafa tena palepale.

"Ndiyo hii?" wifi akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Afadhali angekejeli.

"Ndiyo hii."

Alijisikia kama mtu aliyewapeleka wageni kuona nyumba kubwa aliyokulia akakuta inamfika kiunoni. Miaka yote hii alikuwa ameibeba Ngome kichwani ikiwa na milima mirefu na taa za dhahabu, na kumbe hivyo vyote havikuwa kwenye kaseti. Akaiweka pedi mapajani. Wifi naye akaacha kubonyeza. Wakakaa hivyo, wanawake wawili watu wazima mbele ya miche ya sabuni.

Ndipo yule wa buluu akageuza kichwa.

"Ananitazama?" wifi akauliza.

"Anamtazama mwenzake. Yuko hivyo. Anahakikisha kama yupo."

Wifi aliongea na ukuta zaidi kuliko na mtu. "Nilikuwa nawasikia. Kila mchana. Nilikuwa nakula nimeegemea hapo, upande wa pili. Sahani moja, kijiko kimoja."

"Na ulikuwa unagonga tunyamaze."

"Nilikuwa nagonga, ndiyo."

"Kumbe si makelele?"

"Makelele gani, wifi? Nilitaka mmoja wenu aseme, 'Dada, njoo.' Mimi na maneno hatupatani. Nikagonga. Nanyi mkapunguza sauti." Akatabasamu upande mmoja. "Mlikuwa na adabu sana."

Mama Mikate alimkumbuka Fundi akinong'ona, "Dada yangu hapendi mambo ya utoto," na yeye akiitikia kwa kichwa, wote wawili wakiamini wanamheshimu. Akasema tu, "Dada yake mume wangu, njoo." Wifi akajibu kwamba ameshafika, kilichobaki ni kumfundisha, na kwamba hii ngao haitaki tena. "Maisha yangu yote nimekinga. Nipe huo upanga."

Hivyo Mama Mikate, ambaye hakuwahi kuuachia upanga tangu siku za rangi mbichi ukutani, akaishika ngao. Ilikuwa kazi nyingine kabisa. Mwenye upanga huona maadui wanaanguka. Mwenye ngao huona wanakuja. Kila kilichotupwa kilimpata yeye. Kila pigo lilimrudisha nyuma hatua, na ilimbidi ajisogeze mbele tena upesi, kwa sababu mwenye upanga hangojei, anajua tu kwamba amekingwa. Alimtazama wifi akikata ovyo, akifurahi, haoni chochote. *Kumbe hivi ndivyo nilivyokuwa.* Fundi hakuwahi kusema kwamba anaumia huko mbele. Alisema samahani alipokosea upande, basi. Machozi yalimdondokea Mama Mikate kwenye pedi, akayafuta kwa upindo wa khanga kabla vitufe havijateleza.

"Unalia au una mafua?" wifi akauliza bila kutoa macho kwenye kioo.

"Kata wewe. Nakinga."

Mwisho wa wiki binti alipiga simu.

"Haya, Mheshimiwa. Ya pili imeifikia ya kwanza?"

Mama Mikate alikuwa amelifikiria jambo hilo akifua, akipika, akifagia uani. "Sikiliza, mwanangu. Kwa mapigano, imeipita. Kwa picha tusiongee, tutawaaibisha wazee. Ile ya kwanza ina makosa mengi, sikuyaona kwa kuwa nilikuwa nacheka na baba yako. Hiyo nakubali, tena ilinichoma kuikubali."

"Kwa hiyo imeshinda?"

"Hukumu haijaisha. Ile ya kwanza ilimlazimu mtu amngoje mwenzake. Hii ya pili imempa kila mtu kioo chake, na mtu akipewa njia ya kwenda peke yake, ataenda. Wewe mwenyewe uliniacha na mbwa."

"Mama! Lilikuwa sanduku moja tu!"

"Na yule wa buluu wamemfundisha kujikuna ndevu. Walichoongeza ni kingi, walichotoa ni kidogo, lakini hicho kidogo ndicho kilichokuwa chumvi. Haijaifikia. Imekwenda mahali pengine, pazuri, ila si pale."

"Asikudanganye!" wifi akapaza sauti kutoka kwenye kochi. "Ya pili ndiyo gemu! Ya kwanza ni miche ya sabuni!"

"Mama, huyo ni shangazi? Yuko ndani kwetu?"

"Yuko ndani, miguu juu ya stuli yangu. Yeye ni chama cha upinzani."

Binti akacheka, kisha cheko lake likabadilika kidogo mwishoni, kama la mtu anayepangusa pua. Akaomba azungumze na shangazi. Mama Mikate akamnyooshea wifi simu, na wifi akaanza kumweleza mpwa wake, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema tangu astaafu, jinsi daraja la kamba linavyotikisika ukipita, na kwamba mto wake una samaki, wanaonekana kabisa, ila watu wenye haraka ya kuua majitu hawawaoni. Mama Mikate akaenda jikoni kuweka maji ya chai motoni, vikombe viwili, huku akimsikia wifi akiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza siri ya serikali, kama kweli kutakuwa na ya tatu.